Mashine Iliyoitwa Uchumi

Mwezi uliopita nilikwenda Tabora kumtembelea dada yangu Nyamizi, ambaye bado anaishi katika nyumba ya wazazi wetu pale Isevya. Tulikuwa uani tunachambua mlenda, vijana wawili wanunuzi wa chuma chakavu wakapiga hodi. Bila shaka walikuwa wameshachungulia, maana baada ya shikamoo hawakuuliza kama tuna sufuria mbovu wala bati la zamani. Waliuliza moja kwa moja, "Mama zetu, lile lichuma lililoko bandani mnaliuza?"

Dada aliwatazama mpaka wakaanza kuona haya. Kisha akainuka, akaleta ufunguo kutoka ndani, akauchomeka kwenye kufuli kwa mkono wake wa kushoto. Mlango ulipofunguka, harufu ikanijia usoni: unga ulioungua kidogo, grisi, mpira wa mkanda. Najua harufu haiwezi kukaa miaka yote hiyo. Panya walishamaliza kila punje, na grisi ilishakauka ikawa ganda. Lakini pua yangu haikutaka ushauri. Nilikuwa tena mtoto wa darasa la pili, nimesimama mlangoni pale pale, nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba dude lile lililomo bandani jina lake ni Uchumi.

Hilo la jina linahitaji maelezo.

Baba yetu, fundi Rajabu, alifanya kazi karakana ya reli kabla hajaamua kujitegemea. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka neno hilo lilivyokuwa limetapakaa: lilikuwa kwenye kuta za shule, kwenye khanga, redioni asubuhi na jioni. Wakubwa walilitumia kwa maana kubwa kubwa. Baba alilichukua kwa maana ndogo tu, kwamba hataki tena kupigiwa kengele ya kuingia kazini. Basi alipopata habari kwamba Mhindi mmoja muuza vifaa vya chuma anafunga duka na kuhamisha familia yake, alikwenda, akarudi na mkokoteni umebeba mashine ya kusaga nafaka na mota yake ya umeme. Mama alipoiona alishika kichwa. Alidhani tumenunua kichwa cha treni.

Iliwekwa katika banda la uani, juu ya sakafu mpya ya saruji, ikafungwa boliti. Mafundi wakavuta waya kutoka nguzo ya barabarani. Ukutani, pembeni ya mlango, wakafunga sanduku la chuma lenye kipini cha kuvutwa, nayo ikawa ndiyo swichi kubwa. Kipini kikiwa juu, imewashwa. Kikiwa chini, imezimwa. Baba alitupanga mstari watoto wote wa nyumba ile, wetu na wa wapangaji, akatufundisha hivyo huku amekunja uso, nasi tukaitikia kama tuko madrasa.

Siku ya kuiwasha, balozi wetu wa nyumba kumi alialikwa kusema maneno mawili matatu. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kanzu safi na koti kuukuu, na maneno mawili matatu hakuyajua maishani mwake. "Ndugu wananchi," alianza, "nchi haikui gizani. Umeme ukiongezeka, uchumi unakua. Umeme ukipungua, uchumi unadumaa, kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema." Watu wakapiga makofi. Hapo akapandisha mori, akaigeukia mashine, akaichapa kofi ubavuni, ikalia ngo! "Na uchumi wenyewe ndio huu!"

Mimi nilikuwa nimeketi chini mbele kabisa. Nilielewa kila neno, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwamba uchumi ni kitu cha chuma, nilisikia kwenye jina lenyewe. Umeme nao niliujua vizuri, kwani hakuna mtoto wa Tabora asiyeujua. Masika unapasua anga juu ya miembe, nyumba nzima inakuwa nyeupe, na Mama anatukimbiza tufunike vioo kwa khanga. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi: chuma kile kitakula umeme, kikishiba kitakua. Nilichotaka kujua ni kitakua mpaka wapi, maana banda lilikuwa dogo na paa lake la bati lilikuwa chini.

Nikachana pindo la khanga kuukuu ya Mama, nikalizungusha kwenye mguu wa mashine, nikapiga fundo mahali ncha zilipokutana. Kamba yangu niliitundika msumarini karibu na swichi, na kila nilipopata nafasi nilirudi kupima. Siku moja Baba alinikuta nimepiga magoti.

"We Tatu, unafanya nini hapo?"

"Napima kama Uchumi umekua."

"Umekua?"

"Bado, Baba. Nadhani haushibi."

Baba alicheka mpaka akakalia gunia la watu. Akamwita Mama, akamwita Nyamizi, nikarudia, wakacheka tena. Tangu siku hiyo jina likaganda. Wateja wakawa wanauliza mlangoni, "Uchumi umeamka?" Baba anajibu, "Umeamka, leta debe." Mimi sikuona kichekesho, bali niliona wamechelewa kuelewa. Hata mvua za radi zilipoanza na Baba akawa anashusha kipini ili mota isiungue, niliona ni uchoyo mtupu.

"Baba, mbona unaunyima umeme, na leo upo mwingi hivyo juu?"

"Ule wa juu, mwanangu, haujafungwa mita."

Jibu hilo lilinitosha kwa muda mrefu sana.

Ukweli ni kwamba kitu kilikuwa kinakua, ila nilikuwa napima mahali pasipo pake. Kabla ya mashine ile, mtaa wetu uliamka kwa mapigo ya michi. Alfajiri ulisikia twanga-twanga ua kwa ua, na wanaotwanga walikuwa wasichana, maana mama zao walikuwa wanawasha moto na kunyonyesha. Nyamizi alikuwa mmoja wao. Alifika shuleni wenzake wamekwisha kuimba, viganja vimechubuka, akachapwa fimbo juu ya viganja hivyo hivyo kwa kuchelewa. Uchumi ulipoanza kunguruma bandani, michi ikanyamaza. Wasichana wa mtaa wetu wakaanza kufika shuleni mapema mpaka mwalimu wa zamu akauliza kuna nini Isevya.

Nje ya banda nako kukachangamka. Wanawake waliopanga foleni walikuwa na njaa, akatokea Mama Sikitu na karai lake la vitumbua. Waliokula vitumbua walitaka chai, likatokea birika. Wanaume waliokuja na magunia kwenye baiskeli walikuwa na pancha, akatokea fundi wa kuziba. Watu walishuka na treni kutoka Igalula, mtama wao begani, wakasaga, wakanunua sabuni na chumvi, wakarudi. Usiku Baba alivuta waya mmoja hadi barazani, akaning'iniza globu, na chini ya globu hiyo Nyamizi alisoma mpaka Mama akamfukuza kulala. Wadudu walimwangukia kwenye daftari, naye aliwapuliza bila kuinua macho.

Mimi niliishia kuwa mwalimu, na somo nililofundisha mpaka kustaafu ni uchumi. Mcheke mkitaka. Kila mwaka nilichora ubaoni mistari miwili, mmoja wa umeme ambao nchi inatumia, mmoja wa pato la nchi, yote inapanda kuelekea kulia kama mume na mke wanaokwenda sokoni. Kila mwaka mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo wataalamu nao hawajaacha kubishania: mwalimu, ni umeme unaokuza uchumi, au uchumi ukikua ndio watu wanatumia umeme zaidi? Nilikuwa nawaambia wafikirie mota na kinu vilivyounganishwa kwa mkanda. Mota ndiyo inayovuta, sawa. Lakini kinu kikijaa kupita kiasi, ni kinu kinachoisimamisha mota. Walikuwa wanaandika madaftarini. Kilichokuwa ndani ya kinu sikuwaambia kamwe.

Mambo yalianza kuharibika pole pole, kiasi kwamba hatukujua yameharibika. Umeme wa mji wetu ulitoka kwenye mitambo iliyokunywa dizeli, na dizeli ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Siku hizi naweza kukaa chini nikaeleza kwa mpangilio: mafuta yalipanda bei duniani, mvua zikagoma, vita ikaja, fedha za kigeni zikakauka. Wakati ule nilichojua ni kwamba behewa la mafuta halijafika. Watoto tulipanda kwenye tuta tukatazama njia ya reli kwa upande wa mashariki kama watu wanaomngoja mjomba mwenye zawadi.

Kwanza umeme ulikatika jioni tu. Kisha mchana. Kisha ukawa unakatika na kurudi unavyotaka, unakaa muda wa kusaga debe, unaondoka, unarudi watu wamekata tamaa wamekwenda zao. Sabuni ilipotea madukani, sukari ikapotea, nyembe zikapotea, na kati ya vilivyopotea vilikuwamo globu za taa. Hili la globu mnaweza kuliona dogo. Globu ya barazani ilipoungua, Baba alizunguka maduka yote ya mjini, akakuta rafu tupu na wenye maduka wanapiga soga. Globu ya bandani ilipoungua nayo, hakujisumbua tena kuzunguka.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukifanya umeme ukikatika. Nasema tulivyokuwa, lakini hata leo tunafanya. Hatuzimi kitu. Taa tunaiacha imewashwa, redio tunaiacha imewashwa, ili umeme ukirudi tujue. Kila nyumba ilikuwa na kitu chake cha kutoa habari. Sisi hatukuwa na globu wala redio. Tulikuwa na Uchumi. Kwa hiyo Baba, aliyetufundisha kipini juu na kipini chini kama sala, akaanza kukiacha kipini juu. Mashine ikinguruma, mtaa mzima unajua umeme umerudi, na wanawake wanakimbilia madebe yao. Hakuna aliyeona ajabu. Hata balozi alisifu, akasema hiyo ndiyo akili ya kujitegemea.

Mwaka huo Nyamizi alikuwa amemaliza darasa la saba. Wenzangu mnajua ilivyokuwa: darasa zima linafanya mtihani, wanachaguliwa wachache kuingia sekondari, na wasichana kati ya hao wachache ni wa kuhesabu kwa vidole. Jina la Nyamizi liliposomwa, Mama alikaa chini mavumbini. Baba alikwenda bandani akawa anaipangusa mashine kwa kitambaa, anaipangusa tena, mpaka Mama akamwambia aache, ataichubua rangi. Alijua, na sisi sote tulijua, kwamba ni mashine ile iliyompa Nyamizi asubuhi zake. Shule yenyewe ilikuwa mkoa wa mbali. Alishonewa sketi, akanunuliwa sanduku la bati. Akawa anangoja tu siku ya treni.

Kabla treni haijafika, siku moja jua lilikuwa kali na watu wamejaa uani. Umeme ulikatika ghafla mashine ikiwa imemeza mtama mpaka kooni. Hapo palikuwa na kazi ya lazima. Mtama uliokwama ukiachwa, umeme ukirudi mota inaguguma, haizunguki, inaungua. Na mota ikiungua mwaka ule, ilikuwa basi tena, hapakuwa na pa kupata nyingine. Mkono wa Baba ulikuwa mnene, haukupita kwenye koo la mashine. Wa Nyamizi ulipita hadi kiwiko. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu umeme ulipoanza kusumbua, tukaizoea kama tulivyozoea kuchota maji.

"Nyamizi, mwanangu," Baba alisema, "hebu toa mtama."

Alivua bangili zake mbili za plastiki, akanipa nimshikie. Akaingiza mkono. Alikuwa anachota mtama kwa ukufi, anauweka kwenye ungo, anaongea.

"Tatu, jina langu kwenye sanduku niliandike kwa rangi nyekundu au nyeupe?"

"Nyekundu."

"Nyekundu haionekani usiku. Je, likipotea stesheni?"

"Basi nyeupe."

"Nyeupe inachafuka," akasema, akacheka, akazamisha mkono zaidi.

Umeme ulirudi.

Mnaijua ile sauti. Mtaa mzima kwa mara moja, watoto kwa wakubwa, "Umeruudi!" Hakuna sauti ya furaha kama ile, na siku ile ilitoka kila ua, na uani kwetu wanawake waliruka na madebe yao. Ndani ya furaha hiyo ilikuwamo sauti ya dada yangu, lakini iliingia humo humo, ikawa kama na yeye anashangilia. Kisha umeme ukakatika tena. Ulikaa muda wa kelele ile tu, haukuzidi. Mtaa ukaguna, "Aaah!" ukanyamaza. Ikabaki sauti moja.

Sitaeleza yote. Baba alishika gurudumu la mkanda akalizungusha kinyumenyume kwa mikono yake, akilia kwa sauti ya juu, kitu ambacho sikuwahi kumsikia mwanamume akifanya. Mama alivuta kamba yangu ya kupimia kutoka msumarini, akaifunga juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Mama Sikitu alikuwa amemwaga karai lake na amesimama juu ya vitumbua bila kujua. Kipini cha swichi kilikuwa juu yao wote, kwenye ukuta, na hakuna aliyekikumbuka. Nilisimama na bangili mkononi. Niliogopa sana, na katika woga huo nilielewa mambo kwa namna yangu: Uchumi ulikuwa na njaa. Tuliunyima umeme muda mrefu, sasa umekula kilichokuwa karibu.

Walimpeleka hospitali juu ya baiskeli ya mteja. Mkono wa kulia ulibaki nusu, chini kidogo ya kiwiko. Nilikaa siku nyingi nikimngojea arudi ili nimuulize kama amesikia Uchumi ukikua, maana kwangu hilo lilikuwa jambo la maana. Nashukuru Mungu kwamba niliogopa kuuliza.

Baba alifunga banda siku ile ile. Mafundi wa umeme walikuja baadaye wakakata waya kule kule juu ya nguzo, wakaondoka bila kuingia ndani. Balozi alikuja na maneno yake. Alisema taifa liko katika kipindi kigumu, alisema wateja wanateseka, akamwomba Baba afungue hata kwa nusu siku. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mzee wangu, ule uchumi uliotuonyesha umekwisha kula. Waambie wenzako wengine nao waulishe zamu hii." Balozi aliinuka, akatafuta viatu vyake, akaenda zake.

Michi ikarudi. Ilirudi kwetu kwanza, ikafuata mtaa mzima, ua kwa ua, alfajiri, twanga-twanga, kama vile haikuwahi kunyamaza. Mama Sikitu alihamisha karai, fundi wa pancha naye akaondoka, na nyasi zikaota mahali palipokuwa na foleni. Nyamizi alijifunza kutwanga kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa unaweza kumtambua kwa sauti hata ukiwa barabarani, kwa sababu mapigo yake yalikuwa na pengo.

Kuhusu sekondari, hakuna aliyemkataza kwenda. Nyumbani walisema apone kwanza. Alipopona, walisema ajifunze kwanza kuandika kwa mkono uliobaki. Alijifunza, tena mwandiko mzuri. Lakini alipokuwa tayari, nafasi ilishapewa mwingine, na Baba hakuwa na uso wa kwenda kuuliza. Sanduku halikuandikwa jina kwa rangi yoyote. Nililitumia mimi miaka mingi baadaye, na vitabu nilivyopakia ndani yake alikuwa amenifundisha yeye, jioni kwa jioni, kwa mwanga wa kibatari. Kila nilichopata maishani kilianzia hapo, na ninapokumbuka hilo sijisikii kushukuru, najisikia hasira.

Lakini lililomuumiza zaidi ya yote si hilo. Tangu siku ile Baba hakumtuma tena. Wenzangu mnajua nyumba zetu, mtoto kutumwa ndiyo kupendwa kwenyewe: lete kikombe, niitie mama yako, nikanyage mgongo. Baba alimpita Nyamizi kana kwamba haoni mtu pale. Akitaka maji ya kunywa aliniita mimi kutoka nje, huku Nyamizi amekaa pembeni ya mtungi. Siku moja nikiwa nimechelewa kusikia, Nyamizi aliinuka mwenyewe, akachota, akapiga goti mbele yake.

"Baba, mimi nipo. Nitume."

Baba alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Kikamwinamia, maji yakamwagikia kanzu. Hakunywa. Alisema, "Kaa, mama. Pumzika." Akaishi miaka mingi baada ya hapo, na hadi tunamzika hakuwahi kumtuma.

Nyamizi hakuolewa. Anauza asali inayoletwa kutoka Ipole na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa kama alivyofanya Mama, ambayo sasa anaitengeneza mwenyewe. Umeme siku hizi unakuja kutoka mbali kwa laini kubwa, mtaa wake una saluni, una mashine za kuchomelea, una majokofu ya soda. Mistari yangu miwili ya ubaoni inapanda, siwezi kusema uongo. Umeme unapokatika, majirani wanaacha kila kitu kimewashwa, na dada yangu anapita chumba hadi chumba anazima. Umeme ukirudi wote wanapiga ile kelele, na nyumba yetu inabaki na giza mpaka yeye mwenyewe atakapokuwa tayari.

Ndiye huyo aliyewafungulia vijana wa chuma chakavu. Waliingia bandani kwa furaha, wakaigonga mashine hapa na pale, wakasema maneno ya kuisifu. Mmoja alizunguka upande wa juu kutafuta pa kushikia. Akapenyeza mkono kwenye koo la mashine.

"Toa mkono!"

Sikuwahi kumsikia dada yangu akipiga kelele tangu siku ile. Kijana aliuchomoa mkono kama ameungua, kisha akacheka kwa aibu.

"Bibi, hili halina hata waya. Limekufa zamani."

"Nimesema toa mkono."

Alipita katikati yao. Pale ukutani, chini ya utando wa buibui, kipini cha swichi kilikuwa bado juu, kama Baba alivyokiacha. Tangu siku ile sikuwa nimewahi kukitazama. Dada alikishika kwa mkono wake wa kushoto, akakivuta. Kutu iligoma. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa macho. Akakitundikia uzito wake wote, mama mzima wa umri ule, mpaka kikalia, kikashuka.

Alipangusa kiganja kwenye khanga yake, akawageukia.

"Haya," akasema. "Sasa tieni mikono."